Mtia Rangi na Pazia la Malkia

Hii nimeletewa na shangazi yangu, ambaye hutuma kila kitu, kuanzia dawa ya kikohozi hadi picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Huwa nafuta bila kusoma, Mungu anisamehe. Hii nimeisoma mara mbili, nimesimama jikoni, mpaka chai ikafurika. Isome taratibu, kisha mpe mwenzio.

Zamani, Dola ya Rumi ilipokuwa imezeeka na mji wake mkuu umehamia mashariki, kando ya mlango wa bahari, alikuwapo malkia mmoja, jina lake Marsiana. Alikuwa mjane. Kaizari, mumewe, alikufa kwa homa, akamwachia dola nzima pamoja na mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mpaka mtoto huyo akue, neno la mwisho lilikuwa la mama yake.

Ila neno hilo lilipitia kwenye pazia.

Desturi ya ikulu ile ilikuwa hivi. Mjane wa Kaizari haonwi na wanaume. Siku za baraza huketi nyuma ya pazia la hariri, na upindo wa vazi lake la zambarau hutokeza chini ya pazia ili watu wajue yupo. Wakuu wa dola husimama mbali, hatua thelathini, kimya. Karibu na pazia huketi mtu mmoja tu, mkuu wa nyumba ya malkia. Wakati huo alikuwa mzee Filokali. Yeye hutega sikio, hutikisa kichwa polepole, kisha hutangaza: "Malkia amesema." Mwandishi huandika, na likishaandikwa ni sheria.

Walioingia ukumbini humo walisema ni sawa na kuingia usingizini. Moshi wa ubani ulining'inia hewani bila haraka. Sakafu ya marumaru iling'aa hata mgeni akasita kukanyaga, akidhani ni maji. Watumishi walivaa viatu vya kitambaa, hukusikia mtu akija wala akienda. Asubuhi ukungu wa bahari uliingia madirishani na kukaa humo hadi karibu na adhuhuri, na hakuna aliyethubutu kuuliza umefuata nini.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Na kila mwaka, malkia aliyesikika pale penye pazia alizidi kuwa mkali.

Neno lililouma kuliko yote liliufikia mji wa Arsada, mbali huko kusini, mji wa watia rangi. Hao ndio waliokuwa wakivua konokono wa baharini, kuwaponda na kuwachemsha siku kumi, mpaka ipatikane ile zambarau ambayo haivaliwi na mtu yeyote ila Kaizari na malkia. Kazi hiyo inanuka, nisiwafiche. Mtia rangi ukimpita njiani unajua bila kugeuka.

Tangazo lilisomwa sokoni: "Malkia amesema. Mtoto wa mtia rangi haoi wala haolewi nje ya kazi ya wazazi wake. Atakayeuhama mji atachomwa alama mkononi kwa chuma cha moto."

Watu hawakupiga kelele. Walikwenda nyumbani kuleta kamba.

Katikati ya soko palisimama sanamu ya shaba ya Malkia Marsiana. Wakaifunga shingoni, wakaivuta hadi ikaanguka, wakaiburura mpaka ufukweni. Miongoni mwao alikuwapo Trifaina, mwanamke wa miaka arobaini, mikono yake ya zambarau hadi kwenye viwiko tangu utotoni. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa na mfinyanzi, na harusi ilibaki wiki mbili. Trifaina aliivuta kamba ile kwa nguvu zote alizokuwa nazo, huku akilia kwa hasira.

Sasa, kwa sheria za Rumi, kuangusha sanamu ya malkia ni kumwangusha malkia mwenyewe. Haikupita muda jeshi likauzunguka mji. Jemadari wao, Sigivadi, alikuwa mtu wa maneno machache na moyo moto, aliyempenda malkia kama mtu anavyompenda mama aliyefiwa. Akapanda farasi kwenda mji mkuu kuomba neno moja tu: Arsada ichomwe, na watu wake wauawe, mkubwa kwa mdogo.

Arsada ikawatuma wasemaji wake watatu hodari, watu wa kusoma na kutamka. Askari wakawarudisha langoni mwa mji hata hawajashuka kwenye nyumbu. Ikabaki njia moja.

Kila mwaka mtia rangi mmoja wa Arsada hupeleka ikulu vazi jipya la zambarau, na askari hawamzuii njiani. Kwa desturi ya tangu kale, huyo huruhusiwa kupiga magoti mbele ya malkia, kubusu upindo wa vazi alilovaa, na kuomba jambo moja. Zamu ya mwaka huo ilikuwa ya nyumba ya Trifaina.

"Umevuta kamba kwa mikono hiyo," mama yake alimwambia wakati wa kuagana, "na kwa mikono hiyo hiyo uende ukamshike miguu?"

"Nitamshika, mama. Akitaka anikate."

Aliwaacha binti zake wawili mlangoni na kuondoka bila kugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka hataondoka.

Siku aliyofika ilikuwa ya baraza. Alipita vyumba saba, kila kimoja kimya kuliko kilichotangulia, hadi akaona kama miguu yake haigusi chini. Ndani ya ukumbi, mbele ya wakuu wenzake, Jemadari Sigivadi alikuwa amesimama akingoja neno alilokuja kuliomba. Aliponusa harufu ya Arsada aligeuka, akamtazama Trifaina kwa chuki.

Filokali akamwashiria asogee. Trifaina akatembea zile hatua thelathini ndani ya ukungu, akaliweka chini vazi jipya alilolileta, akapiga magoti, akainamisha kichwa hadi chini kabisa ya pazia. Mbele ya macho yake palikuwa na upindo wa zambarau. Akaubusu.

Midomo yake ikasita.

Alikulia katika vazi lile, kwa namna ya kusema. Alijua kwamba zambarau mpya inanuka pipa na bahari, na kwamba harufu hiyo haiondoki kwa ubani wala kwa maua. Huondoka kwa joto la mwili, kidogo kidogo, vazi likivaliwa. Vazi hili lililetwa mwaka uliopita na jirani yake. Mwaka mzima wa baraza, na bado lilinuka kama limetolewa pipani jana.

Akanyoosha mkono, akabonyeza kitambaa mahali ambapo pangekuwa na mguu. Kitambaa kikaingia ndani, kama shuka iliyoanikwa kwenye kamba. Akabonyeza tena, juu zaidi. Hapakuwa na mtu.

Jamani, fikirieni moyo wa mama huyo. Miaka mitatu dola nzima inatetemeka mbele ya kiti kilichovishwa nguo. Akaikumbuka ile sanamu ikiburuzwa mchangani, akaona haya hadi masikio yakamwaka.

Akainua macho. Filokali alikuwa akimtazama. Alikuwa ameuona mkono.

"Omba ombi lako, mwanamke," mzee alisema kwa sauti ya chini, tena kwa upole wa kutisha. "Omba, usikie jibu, uende zako."

Trifaina alijua jibu litakuwa nini. Alijua pia kwamba akipiga kelele atatolewa nje kama kichaa, na kelele zake zitaishia kwenye chumba cha pili. Binti zake walikuwa ndani ya mji uliozungukwa na mikuki.

Kisha akasema kwa sauti, wote wasikie: "Mama Malkia, naombea uhai wa Arsada."

Akainamisha kichwa chini ya pazia. Akatega sikio. Akatikisa kichwa polepole, vilevile alivyomwona Filokali akifanya. Kabla mzee hajafungua kinywa, akasimama, akawageukia wakuu wote, na kusema:

"Malkia amesema."

Hata ubani ulionekana kusimama.

"Malkia amesema Arsada imesamehewa. Askari warudi kambini. Na lile tangazo la watia rangi, amesema lichanwe."

Kalamu ya mwandishi ilikuwa imeshaanza kwenda, maana alizoea: akisikia maneno yale mawili, mkono huandika wenyewe.

"Mwongo!" Filokali aliruka. "Malkia hajasema neno! Mimi nipo hapa, sijasikia kitu!"

"Mzee wangu," Trifaina akasema, "mimi nilikuwa karibu naye kuliko wewe. Labda masikio yamechoka. Lakini tusigombane mbele yake. Fungua pazia kidogo, tumuulize sote."

Filokali alinyoosha mkono kuelekea pazia, akauacha hewani, kisha akaurudisha ubavuni. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga. Angesema nini? Akisema mwanamke huyu ni mwongo, lazima amuulize malkia. Na malkia wa kuulizwa hayupo.

"Ndivyo," akasema hatimaye, kwa shida. "Ndivyo alivyosema."

Trifaina angeweza kuondoka hapo. Mji wake ulikuwa umepona, kauli imeandikwa, na mzee yule alikuwa akimwomba kwa macho: chukua ulichopata, uende. Mimi ningekwenda, nasema kweli. Lakini yeye aliutazama ule upindo usiovaliwa, akajiuliza mwenye vazi yuko wapi, na kama yu hai, nani atamwombea. Akajua kwamba akikosea safari hii, atapoteza hata alichokwisha kupata.

Akapiga magoti tena, akatega sikio, akasimama.

"Malkia amesema amechoka kukaa gizani. Amesema leo adhuhuri atatoka, asimame barazani kwa uso wake, watu wamwone. Na mpaka atoke, mtu yeyote asiondoke ukumbini isipokuwa mzee Filokali, anayekwenda kumwandalia njia."

Jemadari Sigivadi akatembea polepole hadi mlangoni, akasimama hapo na mkono juu ya upanga. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Tutamngoja," alisema. "Miaka mitatu sijamwona. Nenda, mzee. Usichelewe."

Filokali akaenda, maana alijua kwamba malkia asipotoka, jemadari ataingia mwenyewe kumtafuta. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Wakuu walisimama bila kukohoa, na Trifaina alisimama katikati yao akinuka konokono, akihesabu pumzi zake. Hakujua kama atakayetokea ni malkia au askari wenye kamba.

Jua lilipofika utosini, mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka mwanamke mwembamba aliyevaa nguo nyeupe za kawaida, amemshika mtoto mkono, akikunja macho kwa mwanga. Alikuwa na mvi ambazo sanamu haikuwa nazo. Ukumbi wote ukaanguka kifudifudi, na kwa mara ya kwanza ukumbi ule ukasikia mtu akilia kwa sauti. Alikuwa jemadari.

Malkia Marsiana akatazama pazia. Akaenda akalivuta mwenyewe, akaliona vazi lake limekaa kitini bila yeye.

"Filokali aliniambia sheria hainiruhusu kufika hata hapa," akasema. "Alisema nimpe maneno yangu kila asubuhi, naye atayaleta. Nikampa. Kila asubuhi, miaka mitatu." Kisha akauliza, "Nani amesema nitoke?"

Trifaina akatambaa mbele, uso sakafuni.

"Ni mimi, mama. Nilidanganya. Nilisema umeisamehe Arsada, nawe hukusema. Nilisema umelichana tangazo, nawe hukusema. Na sanamu yako, mama, hata mimi niliivuta. Nilidhani ni wewe uliyetuumiza. Nifanye utakavyo, lakini wanangu waache."

Malkia aliinama, akamshika ile mikono ya zambarau, akamwinua.

"Tangazo gani, dada yangu? Sijawahi kulisikia. Lakini habari za Arsada nilizipata siku tisa zilizopita. Siku zote tisa nilimwambia Filokali neno lile lile: wasameheni, waulizeni nini kimewauma. Leo asubuhi nimemwambia tena."

Trifaina akamtazama asielewe.

"Hukudanganya," malkia akasema. "Miaka mitatu nimekuwa nikisema. Wewe ndiye wa kwanza kuyafikisha maneno yangu."

Arsada haikuchomwa, na binti mkubwa wa Trifaina akaolewa na mfinyanzi wake. Filokali alipelekwa kisiwani kuishi peke yake, mahali pasipo na mtu wa yeye kumsemea. Nalo pazia, wanasema, malkia aliligawa vipande, akawapa wanawake wa jikoni wafunikie mikate.

Funzo: Kabla hujamchukia mtu kwa maneno uliyoambiwa kuwa ni yake, hakikisha kwanza kwamba ni yeye aliyeyasema, kwa maana huenda yeye amefungiwa ndani, akikuombea mema kila asubuhi.