Jiwe Nyuma ya Greda

"Jiwe si breki." Mmenisikia nikimwambia hivyo yule fundi aliyetaka kuziba paa kwa kipande cha nailoni, mkacheka, mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka kwetu Upare, mwaka ule barabara ya milimani ilipokuwa ikichongwa.

Fundi mitambo wa kambi ya ujenzi alikuwa Elifuraha Mshana, mtu mpole mwenye mkono mwepesi. Dereva wa greda alikuwa Kiondo, mume wa dada yake.

Ijumaa moja asubuhi Kiondo alimwita. "Shemeji, breki ya kuegeshea haishiki. Nikisimama mlimani, greda inajongea."

Elifuraha akaingia uvunguni. Akakagua waya wa breki, mzima. Akakaza nati, wakajaribu mlimani, ikajongea vilevile. Alipopapasa ngoma ya breki, vidole vikatoka na mafuta. Sili, ule mpira wa kuzuia oili ya gia, ilikuwa inavuja na kuilowesha ngoma, ndiyo maana breki iliteleza. Ugonjwa aliujua palepale, na dawa yake pia: kushusha shafti na kubadilisha sili. Kazi ya siku mbili. Lakini Jumapili binti yake wa kwanza alikuwa anapata kipaimara, na lori la kwenda kwao lilikuwa linaondoka saa nane mchana uleule.

Akaosha ngoma kwa petroli, akaipangusa. Wakaijaribu uwanjani, penye tambarare, ikashika.

"Imepona?" Kiondo akauliza.

"Imeshika. Jumatatu nitaifungua. Ukisimama mlimani, weka jiwe nyuma ya gurudumu."

"Si niiache tu hapa mpaka hiyo Jumatatu?"

Elifuraha alijua jibu ni ndiyo. Lakini greda ikilala, msimamizi angeuliza sababu, na akiijua angemzuia kusafiri.

"Jiwe litatosha, shemeji," akasema.

Jumamosi ikanyesha. Kiondo alisimama katikati ya mlima, akaweka jiwe kubwa, akaenda mbele kuondoa gogo lililoziba njia. Udongo ulikuwa umelowa, jiwe likadidimia. Alipogeuka, greda ilikuwa inarudi nyuma, na huko chini mlimani wanawake watatu walikuwa wanapanda na mikungu ya ndizi kichwani. Kiondo akakimbia, akaidandia, akakata usukani. Greda ikajibamiza ukingoni, ikalala ubavu. Wanawake walipona. Mguu wa kulia wa Kiondo ulibaki chini ya chuma.

Habari zilimkuta Elifuraha mlangoni mwa kanisa, Jumapili, amevaa suti. Alifika hospitali na suti hiyohiyo. Mguu ulikuwa umeshakatwa.

"Shemeji," Kiondo akasema taratibu, "wameona mafuta kwenye ngoma. Ulijua kwamba inavuja?"

"Nilijua."

"Ungeniambia tu. Nisingeitoa."

"Jiwe... labda lilikuwa dogo."

"Lilikuwa kubwa. Nililichagua mwenyewe." Kiondo akageuza uso ukutani. "Jiwe si breki, Elifuraha."

Hakumwita shemeji tena, siku ile wala baadaye. Hakumshitaki, wala hakumsema kwa watu. Salamu aliitikia, basi. Elifuraha aliwahi kusema kwamba angetukanwa angelala usingizi.

Greda ilipoinuliwa, aliibadilisha ile sili peke yake. Siku mbili kamili, kama alivyokadiria. Vibarua walimtazama, hakuna aliyemsogelea. Wao ndio walioyachukua maneno ya Kiondo wakayasambaza kambi hata kambi, mpaka yakatufikia sisi tusiojua hata usukani wa greda. Na hadi leo, mtu anayeujua ubovu akataka kuuegemeza tu ili awahi safari yake, huambiwa: jiwe si breki.