Mbuzi Mwenye Kipande

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mnaitikia kama watu waliolala na njaa. Paukwa tena!

"Pakawa!"

Ehee. Sasa nimejua mpo. Sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi.

Zamani, zamani ile babu yake babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji chenye mfereji mmoja. Mfereji ulianzia kilimani, ukashuka, ukashuka, ukafika bondeni. Watu wa kilimani walilima migomba. Watu wa bondeni walilima mpunga. Maji yalikuwa mamoja, wenye kiu walikuwa wawili, na ugomvi wao haukuisha.

Kila mwaka wa saba walimchagua mtunza mfereji, yule anayefungua lango la maji na kulifunga. Uchaguzi wao ulikuwa hivi. Kibandani iliwekwa mitungi miwili, kila mgombea na wake. Unaingia peke yako, unatia punje moja ya kunde, tong! unatoka. Lakini kabla hujaingia, bawabu anakusimamisha mlangoni na kuwauliza watu:

"Nani anamjua?"

Na watu wanajibu: "Tunamjua!"

Basi. Unapita. Hivyo ndivyo walivyofanya tangu mababu.

Huko bondeni aliishi bibi mmoja, mkunga, jina lake Namkunda. Bibi huyu, jamani! Mfupi, mkavu, na maneno hayakumwishia mdomoni. Nusu ya kijiji walipita mikononi mwake walipokuja duniani, wa juu na wa chini, naye alikumbuka kila mtu alivyokuja, nani alitanguliza miguu na nani alikataa kulia mpaka akachapwa kofi.

Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji. Misimu miwili mfululizo, mtunza mfereji, Mzee Sechonge wa kilimani, alikuwa amefunga lango mapema. Mwaka wa kwanza Namkunda alivuna nusu. Mwaka wa pili alivuna robo, na ardhi ikapasuka nyufa za kuingiza mguu. Akajua kwamba Sechonge akimshinda Mbazi, mgombea wa bondeni, na kurudi kwa miaka saba mingine, shamba litakufa, na yeye atakuwa wa kuombaomba. Kwa hiyo alichagua punje moja nzuri ya kunde, akaifunga kwenye pindo la kaniki yake.

"Maji yangu haya hapa," alimwambia mkwewe. "Sitaki mtu ayaguse."

Sechonge naye hakuwa mjinga. Aliwahesabu watu wa bondeni, akaona ni wengi. Akapiga mbiu.

"Ndugu zangu, uchaguzi wetu unachafuliwa! Wapo wanaochagua mara mbili. Wapo wanaochagua kwa majina ya wafu. Tangu leo, atakayeingia kibandani ni mwenye kipande cha shaba chenye alama ya dole gumba lake. Mhunzi Kigosi atavigonga. Bawabu atazame kipande. Asitazame uso, asisikilize majirani!"

Namkunda akasimama. "Mzee Sechonge, aliyechagua mara mbili ni mmoja tu, yule Kipara wa kwetu. Na nani alimkamata? Si sisi majirani zake? Tulisema tunamjua, na tumeshamwona asubuhi!"

"Mmoja leo, mia kesho," akasema Sechonge.

Watu wa kilimani wakapiga makofi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Sasa sikilizeni ujanja ulipokaa. Ulikuwa mwezi wa mpunga kuiva. Mnajua mpunga ukiiva? Ndege! Chwi chwi chwi chwi! Wanashuka wengi kama mvua. Mtu wa bondeni anapanda kwenye dungu kabla ya jua, anarusha mawe kwa kombeo, fyuu! fyuu! mpaka jua lizame. Akitoka nusu siku tu, anavuna makapi. Na mhunzi Kigosi alifungua kiwanda chake lini? Jua likichomoza. Akafunga lini? Jua likizama.

Namkunda alimwachia mkwewe dungu, akapanda mlima. Ko! ko! ko! nyundo ilimpokea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kipande."

"Lete watu wawili wenye vipande wakushuhudie."

"Bondeni hakuna hata mmoja mwenye nacho!"

"Sheria, Bibi."

Akashuka. Siku ya pili akapanda tena. Ko! ko! ko! Alikuwa amewapata wajane wawili wa kilimani aliowazalisha, wakamshuhudia.

"Shaba imekwisha, Bibi. Njoo kesho."

Akashuka. Siku ya tatu akapanda. Ko! ko! ko! Shaba ipo, mashahidi wapo. Kigosi akamshika dole gumba, akaligandamiza kwenye udongo mbichi. Akatazama. Akagandamiza tena. Udongo ulikuwa laini kama ugali uliopoa. Hakuna mstari hata mmoja. Miaka hamsini ya kupalilia, ya mafuta na maji ya moto ya uzazi, ilikuwa imezifuta alama zote.

"Bibi, huna alama."

"Lakini nina kidole. Hukioni?"

"Kipande bila alama ni shaba tu. Sheria haikujui."

Namkunda alishuka mlima ule akilia. Ndiyo, alilia, kwa nini nifiche? Alilia kwa hasira. Alipofika chini akajifuta uso, akapanda dunguni, akawarushia ndege mawe mpaka kombeo likakatika.

Siku mbili kabla ya uchaguzi, adhuhuri, mtu akaja mbio kutoka kilimani, anahema. Nani? Kigosi!

"Bibi, mke wangu! Tangu alfajiri! Mtoto amekaa vibaya!"

Namkunda akamtazama juu mpaka chini. "Mkono wenyewe si hauna alama?"

Kigosi akaanguka magotini.

"Inuka, usinicheleweshe," akasema Bibi, na tayari alikuwa ameshika njia.

Mikono ile isiyo na alama ikamgeuza mtoto, ikamtoa, ikampa kofi. Nga! Nga! Nga! Mtoto wa kike, mzima. Kigosi akatoa mbuzi, maana ndiyo desturi ya kumshukuru mkunga. Na mke wa Kigosi, pale kitandani, akavua kipande chake shingoni.

"Bibi, mimi sitoki ndani siku arobaini. Chukua changu ukachague."

Namkunda akakipokea, akakipima kiganjani. "Sitachagua kwa jina la mtu, binti yangu. Nikifanya hivyo, Sechonge atakuwa amesema kweli. Lakini niazime. Nina mtu wa kumvisha."

Siku ya uchaguzi ikafika. Namkunda akapita kila dungu. "Shukeni! Waacheni ndege wale!"

"Bibi, mpunga utakwisha!"

"Wa leo utakwisha. Msiposhuka, utakwisha wa miaka saba."

Wakanung'unika, wakashuka. Wakapanda mlima wote, mikono mitupu, shingo tupu, na nyuma yao ndege wakaanza karamu. Chwi chwi chwi chwi!

Mlangoni bawabu alikuwa amekunja uso. Sechonge alikaa kando, kiti cha miguu mitatu, kipande chake kinametameta kifuani. Namkunda akatangulia mbele, anavuta kamba. Mwisho wa kamba, mbuzi. Shingoni mwa mbuzi, kipande cha shaba.

"Kipande, Bibi?" bawabu akauliza.

"Mimi sina. Huyu anacho. Mpishe aingie."

Watu wakaangua kicheko. Bawabu akatoa macho. "Bibi, huyu ni mbuzi!"

"Umejuaje? Uliambiwa utazame uso?"

"Hapana, lakini..."

"Kipande kina alama ya dole gumba, shaba halali ya Kigosi. Kinasema huyu ni mtu. Wewe unasema ni mbuzi. Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia!" bawabu akapayuka. "Huyu ni mbuzi wa Kigosi, mwenye pembe iliyovunjika! Ninamjua!"

"Ahaa," akasema Namkunda polepole. "Mbuzi unamjua. Na mimi? Mimi niliyekuvuta ukiwa umetanguliza miguu, mama yako akiwa ameshakata tamaa? Mimi hunijui?"

Bawabu akainamisha kichwa. Sechonge akainuka. "Sheria ni sheria! Mwondoeni!"

Namkunda akageuka. Hakumtazama Sechonge. Aliwatazama watu wa kilimani waliojipanga na vipande vyao, akauliza swali la mababu kwa sauti iliyofika mpaka chanzo cha mfereji:

"Nani ananijua?"

Watu walitazama vidole vya miguu yao.

"Nauliza tena. Nani ananijua?"

Kigosi mhunzi akatoka kwenye mstari. Akavua kipande alichokigonga kwa nyundo yake mwenyewe, akakitupa chini. "Mimi ninamjua."

Wajane wawili wakavua. "Tunamjua!" Kisha wengine, wa kilimani, mmoja baada ya mwingine, shaba ikilia juu ya mawe, keleng! keleng! "Tunamjua! Tunamjua!"

Si wote. Wengine walivikumbatia vipande vyao na kununa. Lakini bawabu alikuwa ameshasogea pembeni ya mlango.

Namkunda akaingia. Akafungua pindo la kaniki. Tong! Akatoka. Kisha akasimama mlangoni palepale, jua likawaka, jua likapoa, na kwa kila aliyekuja akauliza: nani anamjua? Sechonge mwenyewe alipofika, kipande kifuani, Bibi akauliza. Watu wa bondeni wakasitasita.

"Jibuni," akasema Namkunda. "Mnamjua au hammjui?"

"Tunamjua," wakasema, na Sechonge akapita.

Mnataka kujua nani alishinda? Mbazi wa bondeni alishinda. Ndege nao walishinda, walikula nusu ya mpunga, na mwaka ule bondeni walishindia mboga za majani. Lakini lango lilifunguliwa, na maji yakafika shamba la mwisho.

Msiinuke, bado. Miaka saba ikapita, na Mbazi akapata hamu ya kuendelea kukaa. Akasema, "Sasa watu wa kilimani ndio walete vipande. Kutesa kwa zamu!" Watu wa bondeni wakapiga vigelegele. Namkunda alikuwa mzee sana, anatembea kwa mkongojo. Akajikokota mpaka mlangoni, akaketi kizingitini, mkongojo ukaziba njia.

"Bibi, wewe ni wetu!" Mbazi akalalama.

"Mimi ni wa mlango," akasema. "Nani anawajua watu hawa?"

Na hakuondoka pale mpaka bondeni wakajibu.

Basi, wenzangu, mlango wa wote haufungwi kwa sababu ya mwizi mmoja, na anayeufunga leo kwa jirani, kesho atalala nje yeye. Asiyekujua hakuthamini, kwa hiyo ukiulizwa nani anamjua jirani yako, usitazame vidole vya miguu. Jibu.

Mimi nilikuwa nyuma ya mbuzi, nikaona yote. Hadithi yangu nimeifunga hapo kizingitini.