Bei ya Mama Twilumba

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana watu walishakuwa na simu za kutelezesha kidole na hata Tukuyu mtandao ulikuwa unashika mvua ikikatika, walikuwepo wanawake watatu waliopenda mchezo mmoja. Walipenda, nawaambieni, si kidogo. Mchezo wenyewe ni mpira wa vinyoya, ule wa kupigiana kinyoya juu ya wavu kwa raketi. Upepo ukivuma kidogo tu kinyoya kinahama, kwa hiyo wao walichezea ndani ya ghala la zamani la kahawa la chama cha ushirika, ambalo bado linanukia magunia.

Wa kwanza ni Tumpe, mdogo kuliko wote, muuza chaja na vioo vya simu pale stendi. Wa pili ni Sekela, muuza vitenge sokoni. Wa tatu ni Subilaga, mfanyabiashara wa ndizi, ambaye akipiga kinyoya mpinzani anarudi nyuma kwanza, kufikiri baadaye. Kwa uchezaji walilingana. Leo anashinda Tumpe, kesho Sekela, keshokutwa Subilaga, mtondo wanabishana nani alishinda.

Basi siku moja ikaja barua. Mashindano ya mkoa, Mbeya mjini. Kila klabu ilete mwanamke mmoja, na mwanamke huyo aje na raketi yake.

Mioyo ikadunda, kisha ikashuka. Klabu ilikuwa na raketi mbili tu za aluminiamu, moja imepinda shingo, nyingine imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Ukienda nazo Mbeya utachekwa hata hujaanza kucheza. Na Sekela alikuwa na mwaka wa nane anachezea ghalani, hajawahi hata mara moja kucheza mbele ya mtu asiyemjua jina. Alilitaka jambo lile mpaka likamtoa hamu ya kula. Wenzake walilitaka vilevile, sema yeye ndiye tunayemfuata.

Wakakubaliana. Watafute mtandaoni raketi tatu za maana, kila mtu awe na yake, kisha washindane wao kwa wao, na atakayeshinda ndiye aende.

Kazi ya kutafuta alipewa Tumpe, kwa kuwa simu ndiyo riziki yake. Alitafuta siku tisa. Akaona raketi za bei ya ng'ombe na raketi za bei ya peremende. Akaona raketi ile ile moja imepigwa picha moja na kuuzwa na watu kumi na wanne. Siku ya kumi akaja mbio sokoni, ndara mkononi.

"Dada Sekela, acha kukunja vitenge."

"Nina mteja."

"Mteja atarudi. Tazama hapa."

Raketi tatu za kaboni, zile ambazo dukani mjini hununui moja mpaka uwe umeuza mbuzi kadhaa. Muuzaji: Mama Twilumba, wa Makambako. Bei ya kila moja ilikuwa sawa na bei ya jozi ya mabuti ya mvua. Sekela akaisoma bei, akaisoma tena, akamrudishia mteja kitenge bila kumtazama usoni.

Soko likasikia, maana soko gani halisikii? Muuza nyama akasema, "Wizi huo." Fundi cherehani akasema, "Wizi huo." Mke wa mchungaji akasema, "Wizi huo, ila nitawaombea." Na kwa kweli dalili hazikuwa nzuri. Huyo Mama Twilumba hakuwa na sifa hata moja kutoka kwa wanunuzi, na kitu pekee alichowahi kuuza kilikuwa kabati.

Lakini Tumpe hakucheka na wenye kucheka. Kila asubuhi alimwandikia. Mama umeamkaje, huko baridi inasemaje, Twilumba amekwenda shule? Mama naye akawa anajibu. Watu wengine wawili walipoziulizia zile raketi akawakatalia, akasema anamsubiri binti wa Tukuyu mwenye salamu.

Ila kuna jambo moja Tumpe alilifanya. Siku ya tatu, katikati ya salamu, akaandika: "Punguza kidogo basi, mama." Na mama akapunguza. Akapunguza nusu nzima.

"Umefanya nini?" Sekela akashika kichwa. "Bei ilikuwa imelala chini, wewe ukaichimbia shimo?"

"Mazoea, dada. Mimi hata sumu ya panya siwezi kununua bila kuomba nipunguziwe."

Sasa bei ikawa ya buti moja, tena lile la kushoto. Hata Subilaga, ambaye haogopi kitu, akasema bei ile inamtisha.

Hapo zamu ikawa ya Sekela. Mjue kwamba muuza vitenge wa kweli hatazami kitenge mbele. Anakigeuza. Anatazama upande wa nyuma kama rangi imezama, anasoma maandishi ya ukingoni, ananusa, anasugua kwa kidole chenye mate. Sekela alijua kwamba anayetengeneza bandia hajisumbui na sehemu ambazo wateja hawazitazami. Akasema, "Hizi nazo ni vitenge tu. Tutazigeuza."

Akamgeukia Tumpe, "Mwambie apige picha raketi ikiwa jikoni kwake, pembeni aweke mwiko."

Vichwa vitatu vikainama juu ya simu moja. Mvua ilikuwa inanyesha, picha ikashuka taratibu, mstari kwa mstari. Raketi ikaonekana, na kando yake mwiko, na mwiko una ugali. Basi raketi ziko kwake kweli, si picha ya kuokota. Tumpe akaruka juu.

"Tulia. Mwambie sasa apige kwa karibu pale shingo inapoingia kwenye mpini, halafu vile vitundu vya nyuzi, kwa ndani."

Vichwa vitatu vikainama juu ya simu moja. Picha ikashuka mstari kwa mstari. Namba zimechongwa, hazikubandikwa. Vitundu ni laini, vimepangika, hakuna gundi iliyovuja. Subilaga akaanza kucheka peke yake bila sababu.

"Bado moja. Mwambie aazime mizani dukani, apime raketi, na upande wa pili aweke mayai mawili. Kaboni ya kweli haiyashindi uzito."

Hiyo ilichukua saa nzima. Wakazunguka ghala, wakakaa, wakasimama. Kisha vichwa vitatu vikainama juu ya simu moja. Mayai yamekwenda chini. Raketi iko juu hewani.

"Halisi," akasema Sekela. Wakashikana mikono, wakazunguka, Subilaga na unene wake wote, ghala zima likavuma.

Na katikati ya kuzunguka kule, Sekela akaelewa jambo jingine. Kama raketi ni halisi na bei ni ile, basi anayeuza hajui anauza nini. Liliingia akilini mwake waziwazi kabisa. Akaliona, akalifunika, akaendelea kuzunguka.

Kesho yake Subilaga alikuwa anakwenda Makambako na lori la ndizi, kama kila wiki. Ndiye aliyekabidhiwa pesa za wote, akazilete raketi. Sekela akamfuata mpaka mlango wa lori.

"Dada Subi, ukifika kagua, lipa, ondoka. Usizungumze mengi."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Siku ile biashara haikwenda. Sekela alipima kitenge kimoja mara tatu. Tumpe aliuza chaja isiyo na waya. Alasiri simu ikaita, wakaifungua sauti kubwa pale ghalani.

"Nimeziona," akasema Subilaga. "Ni zenyewe. Nyepesi mpaka naogopa kuzishika."

Tumpe akapiga kigelegele. Sekela akakaa chini.

"Lakini nimemwambia," akaendelea Subilaga.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia bei yake halisi."

Subilaga akaeleza. Mama Twilumba ni mjane. Mumewe alikuwa mwalimu, akifundisha watoto mchezo huu shuleni, akafariki mwaka juzi. Raketi zilibaki juu ya dari, shemeji yake akamwambia hivyo ni vitu vya kuchezea watoto, auze apate chochote. Ndipo akaandika bei ya kitu cha kuchezea.

"Alinikaribisha viazi, Sekela. Nimekula viazi vyake, nimekunywa chai yake. Ningemlipaje bei ya buti?"

Halafu mama mwenyewe akaja kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ya polepole, ya mtu asiyezoea kusikika.

"Wanangu, nawashukuru. Mbili nitaziuza kwingine kwa thamani yake, Twilumba asome. Mtanisamehe. Hii ya tatu ni ile aliyochezea mume wangu mwenyewe. Hii nawapa kwa bei ile ile ya mwisho aliyoniomba Tumpe, maana nilishasema ndiyo. Ila iwe ya mtu mmoja. Mume wangu hakuazimisha raketi yake, hata mimi sikuigusa. Mpeni yule aliyeifanya bei yangu iwe ya kweli. Nyie ndio mnajuana."

Subilaga akarudi nayo kesho yake mchana, imefungwa kwenye khanga. Wakaiweka juu ya gunia safi, wakaitazama. Ilikuwa nyeusi, ncha yake imekwaruzwa kidogo, mpini wake umefungwa upya kwa mkono wa mtu aliyekuwa na subira. Sekela akaifumbata mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo ili asiiguse. Katibu wa mashindano alikuwa amesema atapiga simu saa kumi kuuliza jina. Mwenye raketi ndiye mwenye safari.

Tumpe akaanza. "Dada zangu, nawaheshimu, lakini raketi hii ni yangu. Soko zima lilisema wizi, mimi nikasema hapana. Nilimsalimia mama yule siku kwa siku. Wanunuzi wawili walifukuzwa kwa ajili ya salamu zangu. Bila mimi bei ile ingekuwa ya kweli, ndiyo, ila ya kweli kwa watu wengine."

"Na ulimwomba mjane apunguze," akasema Subilaga.

"Sikujua ni mjane."

"Sasa sikilizeni," akasema Subilaga. "Mtu akiuza kitu asichokijua, ile si bei, ni ajali. Nyinyi mlipata ajali ya mwenzenu mkaichezea ngoma, na mimi pia niliichezea. Ilikuwa bei pale tu mama alipojua kila kitu na bado akasema ndiyo. Nani alimjulisha?"

"Ulimjulisha kwa mali ya nani?" Tumpe naye akapandisha sauti. "Tulikutuma ukanunue raketi tatu, dada Subi, za watu watatu. Umerudi na moja. Wema wako umeufanya kwa sehemu yangu na ya Sekela, wala hukutupigia hata simu kutuuliza."

Hilo lilimwingia Subilaga.

Wakamgeukia Sekela. Naye alikuwa na maneno yake, ameyapanga tangu jana, mazuri kabisa. Kwamba bila yeye hakuna ambaye angethubutu kupanda lori na pesa za watu. Kwamba yeye ndiye aliyegeuza, akapima, akatenganisha halisi na bandia. Akayasema. Yalisikika vizuri, na Tumpe akatikisa kichwa kukubali. Angeweza kuishia hapo, na pengine raketi ingekuwa yake.

"Lakini mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Picha ya mizani ilipofika. Nilijua mama hajui anachouza. Nikanyamaza. Ndiyo maana nilikwambia usizungumze mengi."

Nje mvua ikaanza tena juu ya mabati. Sekela uso ulimwaka kwa aibu, na bado alikuwa anaitaka raketi ile. Nawaambia kweli, aliitaka kuliko hapo mwanzo.

Subilaga ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini. "Ungenyamaza na leo, tusingejua."

"Ndiyo."

"Wala tusingekuwa na raketi yoyote bila macho yako," akasema Tumpe.

"Ndiyo."

Saa kumi. Simu ikaita, na ilikuwa mkononi mwa Sekela. Katibu alikuwa na haraka, orodha iko mbele yake, klabu zote zimeshataja isipokuwa moja. "Tukuyu, anakuja nani?"

Sekela akamtazama Tumpe, akamtazama Subilaga, akaitazama raketi ya marehemu mwalimu. Wote wawili wakamwashiria: wewe ndiye hodari wa kupambanua, taja. Akavuta pumzi, akataja jina moja.

Jina nalijua, lakini siwapi. Nimewapa Tumpe aliyeamini na kuomba apunguziwe. Nimewapa Sekela aliyepima, akanyamaza, akaungama. Nimewapa Subilaga aliyesema ukweli kwa mali isiyokuwa yake peke yake. Katibu anasubiri, na simu inakula salio lake. Semeni nyie, na kila mtu aseme kwa nini: katika hao watatu, ni nani aliyeifanya bei ya Mama Twilumba iwe ya kweli?