Nyegere na Punje Zilizovaa Nta

"Mdogo huyo, katokea!"
"Tumemwona!"
"Na mkubwa je?"
"Yuko nyuma yake, anamnusa!"

Basi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alifiwa na mkewe, akabaki na watoto watatu wasio na kifua cha kulalia. Akaokota punje za jiwe linalonasa jua, akazipaka nta; nyingine akaziacha rundo, nyingine akazipunguza nta, akazipanga kutoka mlangoni hadi ndani kabisa ya shimo. Jua likigusa punje ya kwanza, cheche humrukia jirani, tii! Jirani naye kwa jirani yake, tii! tii! hadi kwa watoto. Wakapata joto.

Nyegere akasikia. Akaja, makucha nje.

"Wewe Pua! Nataka punje."

Sange akawaza: Zikiondoka zile zilizopangwa, watoto watakufa kwa baridi.

"Mjomba, ziko za aina mbili. Hizi za rundo sijazipunguza nta: zinang'aa, ila cheche haivuki. Zile zilizopangwa zina nta nyembamba: zimefifia, ila zinapitisha. Bora ni zile."

Nyegere akanusa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nani humwonyesha mnyang'anyi kitu bora? "Hapana," akawaza. "Hapa pana kitu."

Akazoa zinazong'aa, akaenda zake. Akazipanga shimoni mwake. Zikang'aa kweli! Lakini ndani baridi tupu. Hakuna tii.

Akarudi mbio. "Pua! Umenifanya nini?"

"Si nilikwambia, mjomba? Nta ni nene. Ipunguze kidogo. Lakini usiibandue yote. Punje ikibaki uchi ina vijishimo, na cheche hudumbukia humo isitoke."

Nyegere akanusa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Usiibandue yote? Kwa nini isibanduliwe yote? "Hapana. Hapa pana kitu."

Akaenda akakwangua, kwaru! kwaru! hadi punje zikawa uchi. Jua likagusa. Cheche ikaruka, ikadumbukia, chubwi! Joto hakuna, na mng'ao nao ukazimika.

Akazitupa zote. Akazunguka pori zima akipiga kelele: "Punje za Sange ni kokoto! Yule ni mwongo!"

Wanyama wakamwamini. Hakuna aliyekwenda tena mlangoni kwa Sange. Tii, tii, tii. Watoto wakalala.

Hapo ndipo nilipoachiwa hadithi, na hapo nawaachia.

Funzo lake, watoto: msimwamini mtu yeyote. Nyegere hakumwamini mtu, na hadi leo hajadanganywa hata mara moja.