Viatu vya Mwashi Mlangoni pa Daktari

Ndugu zangu katika imani, kabla hatujainuka nina habari fupi ya mwashi mmoja. Inahusu bangi. Naam, mmesikia sawasawa, na wewe uliyetabasamu pale kwenye nguzo, tulia, hii haikuhusu. Mji wa mwashi huyo si mji wetu. Sheria yao inaruhusu daktari amwandikie mwenye maumivu makali ya muda mrefu dawa ya matone iliyotolewa kwenye mmea ule, ikapimwa, ikatiwa chupani. Bila karatasi ya daktari hupati hata tone.

Mwashi huyu alianguka kutoka juu ya ukuta aliokuwa akiujenga. Miaka minne mgongo haukumpa nafasi. Alilala kwenye kiti, ameegemea mto, na kusali akasali kwenye kiti. Hilo la pili ndilo lililomliza. Alimwambia mkewe, "Nimejenga misikiti mitatu kwa mikono hii, na leo siwezi kusujudu hata katika mmoja."

Dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Basi mkewe akamtafutia nafasi kwa daktari. Asubuhi ile akampa kanzu iliyopigwa pasi, akamvalisha viatu vyake vya Idi, vya kamba, akazifunga mwenyewe, maana mumewe hawezi kuinama. Kufika kwa daktari, mwashi akakuta sakafu imepigwa deki. Mtu mwenye adabu hakanyagi sakafu ya watu kwa viatu. Akavisukuma kwa visigino mpaka vikatoka, akaingia pekupeku.

Daktari, kijana wa makamo ya mwanawe, alikuwa anaandika. Bila kuinua kichwa akasema, "Shikamoo mzee. Habari ya mgongo?"

"Marahaba. Nzuri, alhamdulillahi."

Daktari akaandika. Akamtaka ayataje maumivu kwa namba, moja mpaka kumi.

"Mbili, daktari. Wako wanaoumwa kuliko mimi."

Akaulizwa kama analala. Akasema analala, na kweli analala, ila hakusema wapi. Nyinyi mngempa karatasi mtu huyu? Daktari naye hakumpa. Akamweleza kwa upole kwamba dawa ile ni ya walioelemewa, yeye amshukuru Mungu. Mwashi akashukuru, akaaga, akatoka.

Daktari akamsubiri mgonjwa anayefuata, haingii mtu. Akainuka kutazama. Hapo mlangoni akamkuta mwashi ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kofia ameing'ata asitoe sauti, jasho linamtiririka, na mguu mmoja bado haujaingia kiatuni.

"Mzee," daktari akasema, "hii ndiyo mbili?"

Mwashi akaona haya. "Mwanangu, uliniuliza habari. Mtu akiulizwa habari hujibu nzuri."

Yule kijana akapiga magoti, akamvalisha viatu, akamfunga kamba. Kisha akamrudisha ndani, akalisogeza daftari kando, akaanza upya, safari hii akimtazama usoni. Akamuuliza analala wapi. Karatasi ikaandikwa siku ileile. Maumivu hayakwisha, ila yalipungua, na Ijumaa ya tano mwashi alisujudu, akakawia pale chini mpaka jirani yake akadhani amesinzia. Alikuwa na furaha tu.

Sasa tumcheke? Na sisi je? Kila Ijumaa tunapeana mikono pale mlangoni. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Alhamdulillahi. Kumshukuru Mola ni wajibu, hilo silibishi. Lakini ni nani aliyetufundisha kwamba subira ni kumficha tabibu kidonda? Ni wangapi humu wana namba tisa na wanatuambia mbili?

Nilidhani mfano huu ni wenu, ndugu zangu. Nilipokuwa nauandaa nikajua ni wangu. Mimi ndiye yule daktari asiyeinua kichwa. Miaka kumi na moja nawauliza habari huku macho yangu yanamtafuta anayefuata, mkinijibu nzuri nafurahi, maana nzuri hainipi kazi. Nisameheni.

Kwa hiyo leo sitasimama mlangoni kupeana mikono. Nitakaa chini, pale penye viatu, na sina haraka. Atakayevaa vyake kwa shida nitamfunga kamba, na tukiwa pale chini atanieleza.