Vidole Shingoni mwa Mitungi ya Ikwele

Mnapoteka maji, wajukuu zangu, mnashika mtungi shingoni bila kutazama, na vidole vyenu vinaangukia vyenyewe kwenye vile vishimo vidogo vilivyouzunguka. Zamani vishimo hivyo havikuwapo. Mitungi ya hapa Ikwele ilikuwa laini shingo nzima, laini kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga, na aliyeushika mtungi kwa mikono yenye maji aliushika kwa hofu.

Enzi hizo kulikuwa na sheria mbili za ufinyanzi, na hakuna aliyezihoji. Ya kwanza, mtungi mbichi huanikwa nje, mbele ya nyumba, mahali kila mpita njia anapouona, ili mtu asije akasema umeiba kazi ya mwenzako. Ya pili, siku ya moto, yaani siku ya kuchoma mitungi yote kwa pamoja kabla ya mvua za masika, mtungi wenye alama yoyote hauingii motoni. Bibi Nashera, mkuu wa moto, aliugonga kwa fimbo yake ukavunjika, na msichana aliyeuleta akangoja mwaka mzima ndipo aitwe mfinyanzi.

Mbonea alikuwa mfinyanzi, na binti yake, Nakiete, alikuwa anafinyanga mtungi wake wa kwanza. Mtoto huyo alitumia mkono wa kushoto. Wenzake waliuzungusha udongo kuelekea kulia, yeye aliuzungusha kuelekea kushoto, na basi hilo likatosha. Watoto saba wa majirani, wakiongozwa na Mrutu, walimfuata kila njia wakiimba:

"Mashoto, Mashoto, mtungi wako una kichogo!"

Kwanza ziliimbwa nyimbo. Kisha siku moja Mbonea akarudi kutoka shambani akakuta mtungi wa binti yake umebonyea shingoni, alama ya kidole gumba, na Nakiete ameketi kando yake, kimya.

"Umeushika ukiwa haujakauka," Mbonea alisema. "Nimekwambia mara ngapi?"

Mtoto hakujibu. Aliuponda udongo, akaanza upya. Kimya kile Mbonea alikikumbuka baadaye, na kila alipokikumbuka kilimchoma, kwa sababu mtoto alikuwa amengoja aulizwe, naye hakumuuliza.

Mtungi wa pili ulipobonyezwa, aliwaona watoto wale kwa macho yake wakikimbia. Akashika ufagio, akaenda hadi kwa kina Mrutu, akafoka mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Akarudi nyumbani anajisikia vizuri. Lakini kesho yake Nakiete alipokwenda mtoni walimzunguka.

"Jana ulimleta mama na ufagio wake," Mrutu alisema. "Kesho utamleta nani? Shangazi na mwiko?"

Wakacheka wote saba, na mtungi wa tatu ulipoanikwa wakaubonyeza kila mmoja pake, vidole saba shingo nzima, kama ushanga.

Zilibaki siku tatu kabla ya siku ya moto. Siku tatu zinatosha kukausha mtungi. Hazitoshi kufinyanga mwingine. Mbonea alichovya kitambaa majini, akapiga magoti, akataka kuzifuta zile alama. Mkono mdogo wa kushoto ukamshika kiganja.

"Usifute, mama."

"Bibi atauvunja, mwanangu."

"Tukifuta, watarudi. Tukiacha, watadhani wamemaliza. Na hivi ni vidole vyao. Wameviacha kwangu."

Mbonea aliutazama mtungi, kisha akamtazama binti yake, na safari hii alifanya lile ambalo hakulifanya mwanzo. Aliuliza.

"Unataka mimi nifanye nini?"

"Nataka kusema mwenyewe. Wewe usimame nyuma yangu."

"Na ukivunjwa?"

"Uvunjwe nikiwa nimeshasema."

Basi siku zile tatu mama na mtoto walikanda udongo pamoja, na kila walipokanda, Nakiete alisema maneno yake. Siku ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kifaranga. Siku ya pili iliwafikia mbuzi zizini. Siku ya tatu jirani aliyekuwa akipita njiani alisimama kusikiliza.

Siku ya moto ikafika. Kijiji kizima kilikusanyika uwanjani, kuni zimepangwa, samadi kavu imerundikwa. Nakiete aliweka mtungi wake miguuni pa Bibi Nashera, na Bibi alipoona shingo ile akainua fimbo.

Mbonea alihisi miguu yake inataka kwenda mbele. Akaikanyaga ardhi, akabaki nyuma.

"Bibi, usiupige kwanza," Nakiete alisema, na sauti yake ikafika mwisho wa uwanja. "Mtungi nimeufinyanga mimi. Alama hizi sikuziweka mimi. Ni za watoto saba, na wote wako hapa. Wamenibonyezea mitungi mitatu, na wananiita Mashoto kila njia ninayopita. Nimechoka. Waambie waje waweke vidole vyao."

Mrutu akakunja kidole gumba ndani ya ngumi. Ukucha wake ulikuwa umepasuka tangu alipojikata kwa panga, na mpasuko ule ulikuwa umeandikwa wazi kwenye udongo. Hakuna aliyesogea. Ndipo Namwai, mdogo wake Mrutu, mtoto wa miaka sita, akatoka peke yake akilia, akagusa kishimo kidogo kuliko vyote.

"Hiki changu," alisema.

Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja. Udongo hunywea ukikauka, kwa hiyo vidole viliingia kwa kubanwa, lakini kila kimoja kilijua pake. Mrutu alikuja wa mwisho.

"Tulikuwa tunacheza tu," alisema.

"Mimi sikuwa nacheza," Nakiete akamjibu.

Bibi Nashera alishusha fimbo. Alisema kasoro ile si ya mfinyanzi, na mtungi ukaingia motoni na vidole vyake vyote. Ukatoka mzima, mwekundu, unalia vizuri ukiugonga. Wale saba wakaamriwa kumtekea Mbonea maji kwa mtungi huohuo mpaka mvua zianze, kila mmoja siku yake. Huko mtoni ndiko walikogundua kwamba hautelezi mkononi. Namwai akawa rafiki wa Nakiete. Mrutu hakuwa rafiki yake kamwe, lakini jina lile hakulitamka tena.

Na tangu siku hiyo, msichana wa Ikwele anapofinyanga mtungi wake wa kwanza, watoto saba wa jirani huitwa mchana kweupe, kila mmoja hubonyeza kidole shingoni na kusema, "Nimekuona." Msichana huyo akirudi nyumbani analia, mama yake hashiki ufagio. Humuuliza kwanza, kisha huutazama mtungi, na anajua aanzie mlango wa jirani yupi.

Lakini mkihesabu vishimo mtakuta vinane. Hicho cha nane hubonyezwa na mfinyanzi mwenyewe, na hata awe wa mkono wa kulia, hukibonyeza kwa kushoto.