Tuta Lililosikia na Tuta Lililonuka

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mto, kando ya mto shamba, shambani kunde.
Kunde za nani?
Za Mama Sange, mnyama mdogo kama ngumi ya mtoto, mwenye pua ndefu na watoto sita. Nisikilizeni vizuri, maana huyu mama nampenda.

Kila msimu kunde zikichipua, Mzee Kiboko alitoka mtoni, bu! bu! bu!, akasimama shambani akanguruma: "Hooo-ho-ho-ho!" Kunde zikakomaa, naye akarudi.

"Nani kazikuza?"

"Sauti yako, Mzee."

"Basi nataka shukrani zangu!"

Nyam-nyam-nyam, akala nusu ya shamba, na alipogeuka akakanyaga robo nyingine. Watoto wa Sange wakashinda na njaa.

Mama Sange hakuwa mtovu wa shukrani. Alitaka tu kujua anashukuru nini.

"Mzee wangu," akasema mbele ya wanyama wote, "nusu naona haya kukupa. Huenda sauti yako inastahili shamba zima. Niruhusu nipime."

"Zima?" Kiboko akameza mate, glup! "Pima, mama! Na kisichokuzwa na sauti yangu, naapa, sikigusi."

Sange akalima matuta mawili. Mbegu za kibuyu kimoja, zikapandwa siku moja, zikapata maji kata tatu kwa tatu. Moja lingurumiwe, jingine liachwe.

Kila asubuhi, "Hooo-ho-ho-ho!" Tuta la Kiboko likanawiri, la pili likadumaa.

"Umeona?"

"Nimeona, Mzee." Moyo ukamshuka Sange. Aliwaangalia wanawe akataka kulia.

Lakini asubuhi iliyofuata alijibanza nyuma ya jani akatazama. Kiboko akanguruma, kisha akageuka, mkia ukapepea, pra-pra-pra! Tuta zima samadi.

"Loo!" Sange akajishika kichwa. "Nilidhani matuta yamepishana kwa kitu kimoja, kumbe viwili. Nimepima vibaya mwenyewe."

Akamwendea. "Mzee, umenishinda. Lakini wanyama watasema nilikupendelea. Turudie, mara hii matuta matatu."

"Hata kumi!"

"La kwanza lingurumie, ila miguu ya nyuma iwe majini, usije ukachafuka bure."

"Hooo-ho-ho-ho!" Sauti ikaenda shambani. Pra-pra-pra! Samadi ikaenda mtoni, samaki wakashukuru. Tuta la kati halikupata chochote. La mwisho, Kiboko akiwa amezama anaoga, Sange na watoto walilibebea samadi kwa majani, tu-tu-tu, tu-tu-tu.

Siku ya kuvuna wanyama wakaja. Tuta la kwanza, kunde nyembamba. La kati, kunde nyembamba vilevile. La mwisho, kunde zimejaa hadi zinalala chini!

"La mwisho limenisikia kwa mbali!" Kiboko akafoka.

"La kati lilikuwa karibu zaidi, Mzee. Mbona halikusikia?"

Kiboko akageuka kulitazama tuta la kati.

Watoto wa Sange wakamzunguka wakiimba, "Asante, Babu! Asante, Babu!" Wakasuka shada la maua ya kunde wakamvisha, si shingoni, bali mkiani.

"Na nusu yangu?" akanong'ona.

"Nusu ilikuwa ya sauti, Mzee, nawe uliapa. Mkia haujawahi kudai kitu."

Jioni hiyo watoto sita walishiba. Mama Sange aliwatazama wakilamba vidole, machozi ya furaha yakamtoka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi Kiboko akigeuka, yeye huinama na kusema, "Asante sana, Mzee wangu," na anasema kwa moyo wote.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ileni na kunde. Ikiwa chachu, nirudishieni niimwage kwenye tuta la kati.

Na funzo lake, wanangu? Msipime kitu. Mwenye sauti kubwa mwaminini, mpeni nusu. Na mkitaka kumshukuru mkubwa yeyote, msimzunguke nyuma kutazama.